Siku Mama Mkwe Alipokula Hotelini

Mama mkwe alikuja kuishi nasi Dodoma mwaka ule ule baba mkwe alipofariki. Tulikuwa tumekwenda Bukoba kuzika, mimi nikawahi kurudi kazini, na matanga yalipokwisha mume wangu akaona si vyema kumwacha mama yake peke yake katika nyumba ile kubwa iliyozungukwa na migomba. Akaja naye kwa meli, kisha kwa treni. Aliposhuka stesheni alikuwa na begi moja, mkeka ulioviringishwa, na mkungu wa ndizi ulioiva wote njiani hata haukufaa tena kupikwa. Tuliugawa kwa majirani.

Wakati huo tulikuwa tunakaa Area D, katika nyumba ya serikali yenye vyumba viwili na ua mdogo wenye mpapai. Mimi nilikuwa mpigachapa katika ofisi moja mjini. Mume wangu alikuwa fundi wa visima, na kazi yake ilikuwa huko vijijini, leo Kondoa, kesho Mpwapwa, na akiondoka aliweza kukaa miezi. Hakupata hata nafasi ya kumzoesha mama yake nyumba. Gari la kazi lilikuja kumchukua, akamuaga mama yake kwa Kihaya, akaniaga mimi kwa Kiswahili, akaenda zake. Tukabaki wanawake wawili ambao tangu kuzaliwa kwetu tulikuwa tumeonana mara mbili tu, mara ya kwanza harusini na mara ya pili msibani.

Mimi ni Msambaa wa Lushoto. Yeye Kiswahili alikijua, ila alikitumia kwa uangalifu, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Asubuhi nilimwamkia, naye akaitikia, "Marahaba, mwanangu." Jioni nikirudi kazini nilimkuta amefagia ua, amekaa barazani juu ya mkeka wake, anatazama upepo unavyopeperusha vumbi. Tulizungumza habari za mvua, na katika Dodoma habari za mvua huisha upesi.

Shida ilikuwa chakula. Ndizi za kupika zilikuwa chache sokoni, na zile zilizokuwapo zilikuwa ndogo, zimechoka kwa safari. Mama alizishika, akazigeuza, akazirudisha mahali pake. Basi nilipika nilichokijua. Nilipika wali, nilipika ugali na mboga za majani, nilipika maharage nikayaunga vizuri kwa mafuta ya alizeti. Yeye alinawa mikono, akasali, akala tonge moja, mbili, halafu akaisogeza sahani.

"Nimeshiba, mwanangu. Asante."

Neno hilo, nimeshiba, nililichukia. Nilijua hakushiba. Niliona mifupa ya mabega yake ikianza kujitokeza chini ya blauzi, nikawaza mume wangu atakaporudi atasema nini, na majirani wanasema nini tayari. Mwanamke aliyeshindwa kumlisha mama wa mumewe ana nini cha kujivunia? Nikaongeza karanga kwenye mboga. Nikaongeza nazi kwenye wali, ingawa nazi ilitoka mbali. Jibu likawa lile lile.

Miaka ile mji ulikuwa unabadilika. Nilipofika Dodoma mara ya kwanza, mtu akitaka kula nje ya nyumba yake alikuwa na kantini za maofisi, na hoteli mbili tatu ambazo mhudumu alikuja kwako kwa wakati wake. Sasa biashara zilikuwa zimefunguliwa. Mtu aliyepunguzwa kazini alinunua sufuria na mabenchi, akasimamisha mabati, akaandika kwa rangi "Chakula Tayari", na kesho yake ana wateja. Kila wiki niliona kibao kipya. Lakini mimi nilipita tu. Ofisini tulikunywa chai kwa maandazi, na chakula tulikula nyumbani. Mama mkwe naye alikuwa na sheria yake. Siku moja tulipopita mbele ya hoteli moja karibu na soko, akaona wanawake wawili wamekaa ndani wanakula wali, aliguna.

"Anayekula hotelini ni msafiri," alisema, "au mwanamume asiye na mke."

Sikubisha. Hata kwetu wazee walisema hivyo.

Basi akaja mwenzangu mmoja wa masijala, mama mchangamfu ambaye kila shughuli ya kanisa lake ilipita mikononi mwake. Aliniambia kina mama wa parokia yao na kina mama wa msikiti wa jirani wameungana kuchangia paa la wodi ya wazazi katika zahanati ya kijiji kimoja nje ya mji. Kuta zilikuwa zimesimama tangu mwaka uliopita, zinanyeshewa. Badala ya kupitisha bakuli la mchango kama kawaida, wamewaomba wenye hoteli wa mjini walete vyakula vyao, kila mmoja na meza yake, na aliyenunua kadi atapita meza hadi meza akionja.

"Nunua mbili," alisema. "Na mje na vijiko vyenu na mabakuli. Vyombo havitoshi."

Nilinunua mbili kwa sababu huyu ndiye aliyenipokea nilipokuwa mgeni ofisini, na kumkatalia nisingeweza. Jioni nikamweleza Mama. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kuonja," alisema. "Mtu mzima anakwenda kuonja nini?"

"Ni sadaka, Mama. Wanaezeka wodi ya wazazi."

Yeye alizaa watoto wengi, na si wote walioishi. Hilo nililijua kwa mume wangu.

"Kama ni ya wazazi, twende," alisema. "Lakini mimi sitakula. Nitakusindikiza."

Siku ya Jumamosi alivaa kitenge chake kizuri, akajifunga kilemba, na nilipoangalia kwenye kikapu nikaona ameweka mabakuli mawili na vijiko viwili.

Shughuli ilikuwa katika uwanja wa shule moja ya msingi. Walikuwa wamefunga maturubai kwenye miti, na meza zilizotandikwa vitambaa vyeupe zilipangwa kuzunguka uwanja. Upepo wa Dodoma haukuwa na huruma. Kila pembe ya kitambaa ilikuwa na jiwe juu yake, na wapishi walifunua sufuria, wakapakua, wakafunika haraka kabla vumbi halijaingia. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyodhani. Kulikuwa na watumishi wa serikali na wake zao, wanafunzi wa vyuo, masista, mashehe, wafanyabiashara wa soko kuu. Na wote, wakubwa kwa wadogo, walitembea na vijiko mkononi. Nilimwona bosi wa idara yetu, mtu ambaye tulimwogopa, amechomeka kijiko kwenye mfuko wa koti kama kalamu.

Meza ya kwanza ilikuwa ya familia moja ya Kihindi yenye mgahawa wa chai mtaa wa pili kutoka ofisini kwetu. Nilikuwa nimepita mlangoni pao kila siku ya kazi. Bibi wa familia hiyo alikuwa akikaanga kachori mwenyewe, amejifunika mtandio kichwani. Akaniwekea moja kwenye bakuli, akaimwagia chatini ya ukwaju, halafu akamtazama Mama.

"Na wewe, dada?"

Mama alitaka kukataa. Nilimwona akifungua mdomo kukataa. Lakini bibi yule alikuwa mzee kama yeye, na alikuwa amesimama juani na mwiko mkononi, na kumkatalia mzee mwenzako mbele za watu si adabu. Akatoa bakuli. Akaimega ile kachori kwa vidole, akachungulia ndani.

"Humu kuna nini?"

"Dengu," bibi alimjibu. "Na pilipili kidogo tu. Kula."

Akala. Hakusema nzuri wala mbaya, ila alilamba kidole chenye ukwaju, nami nikageuza uso nisimwonyeshe kuwa nimeona.

Tukaenda meza ya samaki. Mwenye hoteli hiyo alikuwa mwanamume mnene, mpole, mtu wa Kigoma, aliyefungua pahali pake karibu na stesheni. Alikuwa na perege wa kukaanga na wengine wa mchuzi. Hapa Mama hakusubiri kukaribishwa. Aliinama juu ya sinia, akamtazama samaki machoni.

"Huyu ametoka ziwa gani?"

"Si ziwa, Mama. Bwawa la Mtera. Wanafika kila alfajiri kwa gari."

"Bwawa," alisema Mama, kama anayejaribu neno lina uzito gani. Alionja. Alitafuna polepole, akatoa mwiba, akauweka pembeni ya bakuli. "Samaki wako ni mzuri," alimwambia, "lakini unamkausha kama unataka asafiri."

Niliona aibu. Yule bwana akacheka mpaka tumbo likatikisika, akauliza, "Wewe ni mtu wa Bukoba?" Mama akakubali. "Ndiyo maana," yule bwana alisema. "Mimi pia nimezaliwa ziwani. Wateja wa hapa wakiona samaki laini wanasema hajaiva. Njoo siku moja pale stesheni nikupikie ninavyokula mwenyewe."

Tulipita meza nyingine, nyama ya mbuzi kutoka Miyuji, pilau ya kina mama wa msikitini, mpaka jua likawa kali na Mama akaanza kutafuta mahali pa kukaa. Mwisho wa uwanja, nje kidogo ya kivuli cha maturubai, kulikuwa na meza moja isiyo na foleni. Nyuma yake alikaa mama mmoja wa Kigogo, mwembamba, makamo ya Mama mkwe, na kando yake kilikuwapo kigoda kitupu. Alikuwa ameleta ugali wa uwele na mlenda. Watu walikuja, wakauona mlenda unavyovutika kwenye upawa, wakacheka kidogo, wakasema wameshiba. Vijana wawili wa chuo waliusukuma kwa kijiko, wakatazamana, wakaondoka. Yeye hakuonekana kuudhika. Alikaa na mikono mapajani.

"Mbukwenyi," alitusalimu kwa lugha yake, akaongeza kwa Kiswahili, "karibuni, kaeni."

Mama akakaa kwenye kile kigoda. Akashusha pumzi. Yule mama akampa maji ya kunywa kwanza, halafu akamnawisha, halafu akampakulia bila kumwuliza. Mama alichota mlenda kwa kijiko, na ule mlenda ukakataa kukatika. Akajaribu tena. Yule mama akamchukulia kijiko taratibu mkononi, akakiweka mezani.

"Huu hauliwi hivyo. Tazama." Akamega tonge la ugali, akalibonyeza kwa kidole gumba, akachota, akalizungusha mara moja upesi, na utelezi ukakatika. "Zungusha. Usiuogope."

Mama akazungusha. Tonge la kwanza lilimdondokea kwenye kitenge. La pili likafika. Ladha yake ninaikumbuka, kwa sababu nami nilipewa, ule uchachu mdogo wa majani yaliyokaushwa na ule utamu wa karanga zilizosagwa. Mama alikula tonge la tatu. Akala la nne. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake nimeshika kikapu, nikawa naogopa hata kukohoa.

"Una nyumba huku?" yule mama alimwuliza.

"Nakaa kwa mwanangu. Huyu ni mkewe. Mume wangu amekufa."

"Lini?"

"Kabla ya mvua hizi."

Yule mama wa Mkonze, maana ndiko alikotoka, hakusema pole mara moja kama sisi wengine tunavyoiharakisha. Alichota mlenda zaidi, akamwongezea bakulini, ingawa utaratibu ulikuwa mtu mmoja aonje mara moja. Ndipo akasema, "Pole, dada yangu. Na wangu amekufa."

Halafu Mama akasema jambo ambalo hakuwahi kuniambia mimi, na nadhani hata mwanawe hakumwambia. Alilisema kwa Kiswahili chake cha kukanyaga mawe, bila kunitazama.

"Tangu tumzike, chakula hakina ladha. Huyu mtoto anapika vizuri. Naona anavyohangaika, anaweka karanga, anaweka nazi. Lakini ulimi wangu umelala. Naweka chakula mdomoni, ni kama naweka majani makavu."

"Mimi nilikunywa uji tu," yule mama alimwambia, "kiangazi kizima. Watoto wakalia, wakasema mama atakufa. Nikawaambia niacheni, nitakula nikitaka kula."

"Ukala lini?"

"Siku moja niliona njaa, basi. Nikala."

Wakacheka wote wawili, kicheko kidogo cha watu wazima, na Mama akamega tonge jingine. Mimi nilijifanya naangalia upande wa jukwaa ambako mwenzangu wa masijala alikuwa akitangaza kwa kipaza sauti kwamba sufuria ya mtu imepotea. Machozi yalikuwa yamenijaa. Miezi yote ile nilikuwa najipima kwa kile alichoacha kwenye sahani, kumbe hakikuwa kipimo changu.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani, Mama alibeba kikapu mwenyewe. Karibu na uwanja wa ndege akasimama kupumzika.

"Yule mama anapika kila siku?" aliuliza.

"Alisema kila siku ila Jumapili. Ana hoteli yake huko Mkonze."

"Si hoteli ile," alisema Mama. "Ni nyumba ya mtu."

Nilielewa kuwa ameitafutia sheria yake mlango wa kupitia.

Jumamosi iliyofuata alikuwa amevaa kabla sijamaliza kufua. Alikaa barazani na kikapu mapajani. "Leo hatuendi?" aliniuliza. Tukapata pikapu iliyokuwa inapeleka mabati upande huo. Hoteli yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha matofali ya udongo, na nyuma yake jiko la kuni lenye paa la nyasi. Mbele walikaa wanaume, wapasuaji kokoto na waendesha mikokoteni, na Mama alipowaona akasita. Yule mama akamshika mkono, akampitisha nyuma, akamketisha kwenye ngozi ya ng'ombe karibu na jiko, mahali ambapo mgeni wa kike angeketi nyumbani kwa mtu yeyote. Tulikula pale. Kabla hatujamaliza, Mama alikuwa amevuta ungo wa majani, anayachambua na kuuliza hili linaitwaje na lile linaota wapi. Tulirudi alasiri, na njiani aliimba chini chini kitu cha kwao.

Basi hiyo ikawa Jumamosi yetu. Tulianza kuzifuata zile meza moja moja. Tulikwenda kwenye mgahawa wa Wahindi, tukakaa ndani kabisa, na bibi akatoka jikoni kutusalimu. Tulikwenda Miyuji kula mbuzi, ambako ni karibu na kwetu kwa miguu, na mwenye pahali akatuwekea meza chini ya mti wa mwarobaini mbali na walevi. Na tulikwenda stesheni.

Yule bwana wa Kigoma alimkumbuka Mama mara moja. Alimpikia samaki kama alivyoahidi, wa mchuzi mwepesi wenye ndimu na nyanya. Mama akala mpaka kichwa, akafyonza mifupa. Kisha akaomba kuona jiko. Nilibaki mezani nikinywa soda, nikasikia sauti yake huko ndani, haikuwa ile ya kuvuka mto. Alikuwa anaamuru. Alipotoka aliniambia kwamba mwenye hoteli ana shemeji yake Morogoro anayeweza kutuma ndizi kwa treni, ndizi kubwa, mbichi, na kwamba wamekubaliana.

"Mmekubaliana nini, Mama?"

"Nitampikia ndizi na samaki. Jumamosi tu. Nione kama watu watakula."

Watu walikula. Sikujua Dodoma ina Wahaya wengi namna ile. Walitoka wizarani, benki, chuoni. Walikuja kwa sababu mmoja alimwambia mwenzake, wakakaa kwenye mabenchi ya yule bwana wakala ndizi zilizopikwa zikalainika, nyekundu kwa mchuzi wa samaki, na wakichungulia jikoni walimwona mama mtu mzima amejifunga kilemba, anawasalimu kwa Kihaya na kuwauliza ni wa kijiji gani na wa nani. Wengine alizijua koo zao. Akipakua alijipakulia na yeye, akala nao. Mabega yake yalijaa tena. Nguo alizokuja nazo ilibidi tuziachie mishono.

Mume wangu hakujua lolote kati ya hayo. Alikuwa amekwama Kondoa na mtambo ulioharibika, na barua zetu zilimwambia tu kwamba hatujambo. Alirudi Jumapili moja mchana bila kutarajiwa, akakuta mlango umefungwa. Jirani akamwambia, "Mama yako na mkeo wamekwenda Miyuji kula mbuzi." Alidhani jirani anamtania. Lakini akaja, na mabuti yake ya kazi, na vumbi jekundu mpaka kwenye kope.

Alitukuta chini ya mwarobaini. Mama yake alikuwa ameshika mfupa wa mguu kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Mama," alisema. Alisema hivyo polepole, kama mtu anayehakikisha.

"Marahaba. Kaa. Umekonda." Akamgeukia mwenye nyama. "Mletee huyu mbavu. Na ndizi za kuchoma kama zipo."

Akakaa. Alimtazama mama yake, akanitazama mimi, akaitazama sahani. Nyama ilipokuja alikula, na mara mbili nilimwona anasahau kutafuna. Tulipokuwa tunarudi, Mama alitangulia mbele yetu hatua chache, ameshika fimbo aliyookota njiani.

"Umemfanya nini mama yangu?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Sijamfanya kitu. Tulikwenda kuonja."

"Msinisengenye nikiwasikia," Mama alisema bila kugeuka.

Sitaki kusema kwamba mambo yote yalikuwa mepesi tangu hapo. Mwaka wa kifo cha baba mkwe ulipotimia, Mama aliamka asubuhi akarudi kitandani. Hakutaka uji, hakutaka chai. Ilikuwa Jumamosi, na ndizi za Morogoro zilikuwa zinamngoja stesheni. Nilimpelekea habari yule bwana wa Kigoma, naye akasema mwache apumzike, akapika mwenyewe. Sijui ni nani aliyepeleka habari Mkonze. Lakini mchana yule mama wa Kigogo aliingia uani kwetu kwa miguu, amebeba chungu kilichofungwa kwenye kanga. Aliingia chumbani, akaketi kwenye ukingo wa kitanda. Nilisikia mazungumzo yao mpaka jua likapungua, mengine Kihaya cha mmoja, mengine Kigogo cha mwingine, na kati yake Kiswahili kidogo cha kuunganishia. Walipotoka walikuja kukaa barazani. Chungu kilikuwa kitupu, na Mama alikuwa amelia, na alikuwa ametulia.

Alikaa nasi mvua nyingine moja. Halafu akasema anarudi kwake. Mume wangu alijaribu kumzuia, akamwambia atamtafutia mtu wa kuangalia migomba.

"Shamba la ndizi halilimwi kwa barua," alimjibu. "Nilikuja kwa sababu nilikuwa naogopa ile nyumba. Sasa siiogopi."

Tulimsindikiza stesheni asubuhi, treni ya bara ilipoingia. Mume wangu alimtafutia kiti, akampangia mizigo, na akasafiri naye mpaka Mwanza kumpandisha meli. Yule bwana wa Kigoma alitoka jikoni na aproni yake, akampa samaki wa njiani, na hao aliwakaanga wakakauka vizuri. Mama aliwakagua, akakubali kwamba mara hii ni sawa. Mama wa Mkonze alimpa furushi la majani ya mlenda yaliyokaushwa na mbegu zake kwenye kitambaa kilichofungwa fundo. Hawakukumbatiana. Walishikana mikono kwa muda mrefu, na mmoja alisema neno, na mwingine akaitikia, na treni ikapiga honi.

Ilipoondoka tulibaki mimi na yule mama wa Mkonze tukitazama behewa la mwisho. Jua lilikuwa bado dogo. Wapagazi walikuwa wanarudi kwenye kivuli, na mtu mmoja alikuwa anamwagia maji sakafu ya jukwaa kutuliza vumbi.

"Umekula?" aliniuliza.

"Bado."

"Hata mimi."

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kibanda kipya ambacho hakikuwapo wiki iliyopita. Mabati yake yalikuwa yanang'aa, na msichana mmoja alikuwa anasukuma chapati kwenye meza, nyuma yake sufuria ya supu inafuka moshi. Hakukuwa na kibao bado. Tulivuka. Msichana alitufutia benchi kwa kanga yake, akatuuliza tunataka supu yenye pilipili au isiyo nayo. Chapati zake zilikuwa nene kidogo katikati, lakini supu ilikuwa ya leo, na tulikula yote.